Shajara ya mradi: kihisi cha presha kwenye handaki la upepo, baridi ya nitrojeni na moto wa koili

14 Januari 2024. Ndege inayoruka juu ya meza

Kijana mmoja anayepiga picha za mashamba kwa ndege isiyo na rubani kaniletea ndege yake hapa Njiro, Arusha. Malalamiko yake: akiiwasha asubuhi, kasi inasoma sifuri kama inavyotakiwa. Akiiacha juani saa moja bila kuizima, namba inaanza kupanda yenyewe. Tumeijaribu mbele yangu. Ndege iko juu ya meza, haijasogea hata inchi, na skrini inasema inakwenda mita 9 kwa sekunde.

Kihisi kilichomo ni MPXV7002DP, kile kidogo chenye vichuchu viwili, kimoja cha presha ya mbele na kingine cha pembeni; tofauti ya presha hizo mbili ndiyo inayotoa kasi. Kinapima hadi kilopaskali 2 kila upande (paskali ni kizio cha presha, kilopaskali ni paskali 1,000). Karatasi ya mtengenezaji inasema kimerekebishwa kwa joto la nyuzi 10 hadi 60, na hata ndani ya nyuzi hizo inakiruhusu kukosea. Nje ya hapo haiahidi kitu.

Vitabu vya shule vinaiita kanieneo. Fundi gereji anasema presha, na mimi nitamfuata fundi.

Hesabu ya kubeba mpaka mwisho wa shajara: presha ya upepo ni nusu ya densiti ya hewa, mara kasi, mara kasi tena. Arusha tuko juu na hewa yetu ni nyepesi. Barometa inasoma hektopaskali 864, kwa hiyo mita ya ujazo ya hewa kwenye nyuzi 20 ina kilo 1.03. Mita 9 kwa sekunde zinatoa paskali 42, yaani maji ya kimo cha milimita 4 na kidogo. Hicho ndicho tunachokitafuta, na hicho ndicho joto peke yake linaweza kukizusha.

Nimeamua kujenga handaki dogo la upepo, yaani njia iliyozungushiwa kuta ambayo feni inapitisha hewa, ambalo naweza kulipoza na kulichemsha, nijue kihisi kinadanganya kiasi gani na dawa yake ni nini.

Gharama: vihisi 3 shilingi 186,000, Arduino (kompyuta ndogo ya kadi) 35,000, kadi ya ADS1115 ya kusoma volti 18,000.

Kwa nini ADS1115? Arduino peke yake inagawa volti 5 mara 1,024. Kwa kihisi hiki kila hatua ni karibu paskali 5, sawa na kupima unga wa chapati kwa mizani ya gunia. ADS1115 inashuka hadi paskali 0.2 kwa hatua.

28 Januari. Friji ya jikoni

Kabla ya kukata ubao wowote nimefunga kihisi na kipimajoto cha DS18B20 pamoja, vichuchu vyote viwili vimeunganishwa kwa mpira mmoja ili tofauti ya presha iwe sifuri kwa nguvu, nikaviweka kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kihisi cha kwanza kilihama kutoka volti 2.500 hadi 2.538. Kwa kihisi hiki kila milivolti ni paskali moja, kwa hiyo hizo ni paskali 38 za upepo ambao haupo. Cha pili, kutoka kifurushi kilekile, kilihama kuelekea upande wa pili. Kilichoniudhi zaidi ni kurudi: nilipokitoa cha kwanza kikapata joto la chumba, hakikurudi 2.500. Kilikaa 2.511 hadi kesho yake.

Nimeandika fomula ya kusahihisha kwa kutumia joto. Joto likibadilika polepole inafanya kazi vizuri, nikajipongeza. Nikafungua mlango wa friza ghafla, kosa likaruka hadi paskali 15. Kipimajoto kiko nje ya kihisi, na kipande cha silikoni kinachohisi presha kiko ndani ya plastiki. Joto halifiki kwa vyote wakati mmoja, kwa hiyo fomula inasahihisha kwa joto ambalo silikoni bado haijalipata. Nimepoteza jioni nne kuiboresha fomula hiyo. Usipoteze hata moja.

18 Februari. Handaki la kwanza

Plaiwudi ya milimita 12, mdomo wa sentimita 60 kwa 60 unaobanwa hadi chumba cha majaribio cha 20 kwa 20. Kunyoosha upepo nimepanga mirija ya soda kwenye fremu. Feni ni ya rejeta ya gari, iko nyuma na inavuta. Kasi ya juu ni mita 11 kwa sekunde, presha paskali 62.

Kipimo cha kuaminika ni manomita ya maji ya kulaza: mrija wa plastiki angavu juu ya ubao ulioinuliwa sentimita 10 kwa kila mita moja, maji yametiwa rangi ya chakula. Milimita moja kwenye mrija ni karibu paskali 1. Haina waya, haina betri, na haijali kihisi kinasema nini. Anayeanza mradi huu na asiwe na fedha aanze na hii manomita.

Gharama: plaiwudi shiti mbili 110,000, feni 45,000, mirija 12,000, gundi na silikoni ya kuzibia 31,000.

3 Machi. Lita tano zilizokwenda na upepo

Hapa Arusha nitrojeni ya maji inapatikana kwa sababu ya ng'ombe. Mbegu za madume zinahifadhiwa ndani yake kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kituo cha taifa cha uhimilishaji kiko Usa River. Mzee mmoja mhimilishaji alikubali kuniuzia lita 5 kutoka mtungi wake, akauliza mara tatu nina ng'ombe wangapi.

Niliimimina kwenye beseni la bati mbele ya mdomo wa handaki. Ukungu ulikuwa mzuri mno, majirani walikuja kutazama. Joto ndani ya handaki lilishuka kutoka nyuzi 24 hadi 16, likakaa hapo dakika sita, basi.

Ningepiga hesabu kwanza ningejua. Handaki la wazi linameza karibu nusu kilo ya hewa kila sekunde na kuitupa uani. Kuishusha hewa hiyo nyuzi 40 kunataka kilowati 18, yaani lita kadhaa za nitrojeni kila dakika. Nilikuwa napoza mtaa.

Hasara: 50,000. Handaki la plaiwudi nimelibakiza kwa mazoezi ya vijana.

24 Machi. Hewa izunguke

Handaki jipya ni la mzunguko, hewa ileile inarudi. Fundi bati wa mtaa wa Unga Ltd kanikunjia bati la mabati kuwa pete ya mstatili iliyosimama wima, chumba cha majaribio sentimita 10 kwa 10, nje limevishwa sponji ya godoro. Nitrojeni inaingia kwa matone kupitia mrija wa kopa.

Mambo mawili ambayo lazima uyafanye. La kwanza, tundu la kupumulia. Lita moja ya nitrojeni ikichemka inakuwa karibu lita 700 za gesi, na pete iliyozibwa kabisa ni bomu. La pili, fanya kazi nje au barazani. Gesi hii haina harufu, inafukuza oksijeni kimyakimya, na mtu anaanguka kabla hajahisi chochote. Sisi tunafanyia barazani na mpwa wangu haruhusiwi kuinamia pete.

Jaribio la kwanza lilikufa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Mota ilikuwa ndani, grisi ikawa kama nta, feni ikasimama. Mota sasa iko nje, shafti ndefu inapita kwenye bati. Fundi wa kukereza vyuma kaitengeneza kwa siku moja.

Gharama: bati na ufundi 160,000, sponji 25,000, shafti 40,000, kopa nyembamba ya mafundi friji 30,000.

7 Aprili. Hotpoti

Wenye mahandaki makubwa ya baridi walishakutana na tatizo hili zamani. Handaki la Ulaya lililoko Cologne, Ujerumani, linapuliza nitrojeni hadi kelvini 110, yaani nyuzi 163 chini ya sifuri. Lile la NASA kule Hampton, Virginia, linakaribia hapo. Wanapoza kwa sababu gesi baridi ni nzito na haina mnato mwingi, kwa hiyo ndege ndogo ya mfano inahisi upepo kama ndege kubwa ya kweli. Vihisi vyao havikai kwenye baridi hiyo. Vinakaa ndani ya visanduku vyenye hita, na presha inaletwa kwa mirija.

Nilikuwa natafuta kihisi kinachostahimili baridi. Kumbe kazi ni kukikinga kisiijue baridi kabisa.

Kisanduku changu ni hotpoti ndogo, ile ya kuwekea wali. Imeshazibwa joto na kiwanda, ina mfuniko wa kukaza, na haikuhitaji fundi. Ndani nimeweka vihisi viwili, feni ndogo ya kompyuta ya kuchanganya hewa, na rezista mbili za ohm 10 zilizopangwa mfululizo kwenye volti 12, zikitoa wati 7 za joto, ndiyo hita yangu. Arduino inashikilia nyuzi 45. Nimechagua 45 kwa sababu iko ndani ya nyuzi 10 hadi 60, na iko juu kuliko mchana wowote wa Arusha, kwa hiyo hita ina kazi kila wakati.

Usiku wa kwanza grafu ilinitia kichaa. Joto limetulia, lakini sifuri inaruka paskali 25 kushuka, inarudi, inashuka tena, kwa mdundo sawa kama saa ya ukutani. Nilibadilisha kihisi. Nikabadilisha mirija. Mpwa wangu ndiye aliyeona kwamba inaruka kila taa ndogo ya hita inapowaka.

Kihisi hiki hakitoi volti zake mwenyewe. Kinatoa sehemu ya volti unazokipa: kwenye sifuri kinatoa nusu. Hita na kihisi vilikuwa vinakula kwenye adapta moja. Hita ikiwaka, volti 5 zinakuwa 4.95, nusu yake inapungua milivolti 25, na kila milivolti ni paskali moja. Dawa: adapta ya hita peke yake, na mlango mmoja wa ADS1115 upime volti zinazoingia kwenye kihisi ili hesabu igawanywe kwazo. Tangu hapo sifuri haijahama zaidi ya paskali 1 kwa saa tatu.

Gharama: hotpoti 28,000, rezista na waya 14,000, adapta 20,000.

21 Aprili. Masika ndani ya mrija

Mvua haijakatika wiki nzima. Tumepoza pete kwa mara ya kwanza na hotpoti ikiwa kazini, tukafika nyuzi 60 chini ya sifuri. Kipimo kilitulia kwenye paskali 84, mstari ulionyooka, nikauonea fahari. Nikazima feni nipumzike.

"Mjomba, feni imezimwa. Mbona upepo unaendelea?"

Paskali 84 zilekile. Unyevu wa masika ulioingia kwenye mrija uliganda barafu na kufungia presha ndani kama kifuniko cha chupa. Ule utulivu wote nilioufurahia ulikuwa ni barafu.

Siku hiyohiyo mpira wa plastiki wa kawaida, ule wa akwariamu, ulivunjika kama kioo nilipougusa. Mpira wa silikoni ulivumilia zaidi lakini nao ukaanza kukakamaa. Sasa sehemu yote inayopita kwenye baridi ni kopa, na mpira unaanza ndani ya hotpoti ambako kuna joto.

Barafu nimeitibu hivi: kabla ya kupoza, gesi ya nitrojeni inayochemka juu ya mtungi inapitishwa kwenye mirija na kwenye pete nzima kwa dakika 20, ifukuze hewa yenye maji. Haisitishwi kabisa hadi kila kitu kirudi joto la chumba, la sivyo pete inavuta hewa mbichi ikipoa. Na kila dakika kumi tunazima feni kwa sekunde chache. Kipimo kisiposhuka, mrija umeziba. Ni kipimo cha kijinga na hakigharimu kitu.

12 Mei. Paskali tatu zisizo na mwenyewe

Tumefika nyuzi 90 chini ya sifuri na mirija haizibi. Lakini feni ikizimwa, kipimo kinashuka hadi 2.8 na kukataa kwenda sifuri. Pete ikipata joto, inakwenda sifuri. Hotpoti haijabadilika, iko nyuzi 45 wakati wote. Manomita nayo inaonyesha karibu milimita 3, kwa hiyo kihisi hakina hatia.

Ilinichukua siku tano. Mrija wa presha ya mbele ulikuwa umeshuka nusu mita ndani ya mguu wa pete, kwenye baridi. Ule wa pembeni ulikuwa umetoka nje mapema, ukashuka kimo kilekile barazani kwenye joto. Nitrojeni ya nyuzi 90 chini ya sifuri ina kilo 1.58 kwa mita ya ujazo. Gesi ya barazani ina kilo 1 hivi. Nguzo mbili za kimo kimoja na uzito tofauti: 0.58 mara 9.8 mara nusu mita ni 2.8. Namba ilitoka vilevile na hata desimali yake, nikabaki nacheka peke yangu.

Sijawahi kufikiri kwamba gesi iliyo kwenye mrija mwembamba kama mswaki ina uzito wa kuharibu kipimo. Dawa ni kufunga kopa zote mbili pamoja kwa waya kuanzia kwenye kichwa cha kupimia hadi hotpoti, zipite njia moja na baridi moja. Sasa sifuri ni 0.2.

Mpwa wangu alihofia mirija mirefu itachelewesha kipimo. Tulipasua puto mbele ya mrija wa mita moja: presha ilishuka kabla ya sampuli inayofuata, na tunachukua sampuli 10 kwa sekunde. Kwa kazi hii haitusumbui.

2 Juni. Nani mwongo, kihisi au feni

Jaribio ambalo nilikuwa nalisubiri. Nitrojeni kavu, mita 12 kwa sekunde, nyuzi 20: kihisi kimesoma 71. Kwenye nyuzi 90 chini ya sifuri densiti inazidi mara 1.6, kwa hiyo nilitegemea 114. Kimesoma 107.

Kwa mazoea nikakilaumu kihisi. Manomita nayo ikasema 107. Tukafunga sumaku kwenye shafti na kuhesabu mizunguko: kwenye joto feni inazunguka mara 2,900 kwa dakika, kwenye baridi 2,810. Gesi nzito inaielemea. Asilimia 3 ya kasi inakula asilimia 6 ya presha, na 114 ikipunguzwa asilimia 6 ni 107.

Nitrojeni ya pete hadi leo: lita 40, shilingi 400,000. Ndiyo pesa kubwa kuliko zote kwenye mradi, na yote imekwenda hewani. Mzee mhimilishaji haulizi tena kuhusu ng'ombe.

23 Juni. Upande wa moto

Koili ya jiko la umeme, wati 1,000, imewekwa ndani ya pete. Kwenye nyuzi 130 tulisikia harufu: sponji ya godoro inageuka kahawia. Moshi wa sponji ni sumu, tulizima umeme na kukimbia uani. Sponji yote imetolewa, mahali pake tumeweka pamba ya glasi kutoka oveni mbovu ya jirani. Vaa glovu, inawasha siku mbili.

Kosa la pili ni la kwangu kabisa. Hotpoti ina hita, haina kipoza. Ikiwa karibu na pete yenye nyuzi 150, ilipanda yenyewe kutoka 45 hadi 57, Arduino ikiwa imeshazima hita na haina la kufanya. Sifuri ilihama paskali 6, na kwenye nyuzi 150 hewa ni nyepesi kiasi kwamba mita 12 kwa sekunde zinatoa paskali 51 tu. Nimeirudisha nyuma sentimita 60, kipande cha bati la kung'aa katikati, kopa zimerefushwa. Sasa inabaki 45 na hita inawaka na kuzima kama kawaida.

Aliyeniuliza kwa nini nisinunue kihisi cha kuvumilia nyuzi 150 na kukiweka palepale: silikoni ya kawaida ikipita nyuzi 120 hivi inaanza kuvujisha umeme ndani yake, kwenye mipaka iliyotakiwa kuuzuia. Vipo vilivyotengenezwa juu ya tabaka la kihami vinavyokwenda mbali zaidi, lakini bei ya kimoja inazidi pete yangu nzima pamoja na feni.

Gharama: koili 15,000, waya wa joto na glovu 20,000.

7 Julai. Ndege imerudi kwa mwenyewe

Kwenye ndege hakuna nafasi ya hotpoti. Kihisi nimekifunga ndani ya kipande cha sponji pamoja na rezista moja na kidhibiti kidogo, kinashikilia nyuzi 45, chenye njia yake ya umeme mbali na mota. Gramu 19 zote pamoja. Kinahitaji dakika nne kupata moto, kwa hiyo ndege isiruhusiwe kusahihisha sifuri kabla ya hapo. Hilo nimemwandikia kijana kwa kalamu nene juu ya bawa.

Tumeiacha juani saa moja na nusu. Imefika mita 2 kwa sekunde, ambazo ni paskali 2, ikakaa hapo.

Jumla tangu Januari: shilingi 1,239,000. Anayetaka kunakili aruke handaki la plaiwudi na beseni la nitrojeni, ataokoa 248,000. Kilichobaki kwangu ni tundu la shafti, ambalo bado linavuja kwenye baridi kali. Nimejaribu kitambaa chenye grisi, kimeganda. Wiki ijayo nitajaribu pete ya tefloni.